Mbona chini ya mikaratusi hapaoti kitu?

SWALI: Shambani kwetu chini ya mikaratusi kuna majani makavu tu, lakini chini ya mikinduri, ile miti ya kienyeji, hatua chache kando, pamejaa miche. Udongo ni ule ule mwekundu. Wazee husema mkaratusi una sumu. Ni kweli?
Msomaji, Karen

JIBU: Sumu imo, ila husingiziwa mno. Maabarani, mafuta ya majani yake huzuia mbegu kuota. Shambani, kinachoimaliza mimea mingine zaidi ni kiu na lile tandiko la majani. Jani la mkaratusi ni gumu, lina lignini nyingi (kile kinachoufanya mti kuwa mgumu) na nitrojeni kidogo, hivyo kuvu na wadudu wa udongoni hawalikimbilii. Hurundikana kuliko linavyooza. Mizizi nayo hukausha udongo wa juu, na Januari na Februari mche mchanga hauna pa kupata maji. Jani la mkinduri ni laini zaidi, huoza upesi na kurudisha rutuba.

Tazama pia mbegu. Ya mkinduri hufikia sentimita 2 hivi, kwa hiyo mche una akiba ya kutoboa majani makavu na kuvumilia kivuli. Ya mkaratusi ni kama chembe ya ugoro: isipoangukia udongo ulio wazi na wenye unyevu, imekwisha. Ndiyo maana hata miche ya mkaratusi wenyewe huioni hapo.

Usikate yote kwa mkupuo. Jua likiingia ghafla, lantana, kile kichaka vamizi, hutangulia. Ondoa mti mmoja katika kila mitatu, kwangua majani kwenye duara la upana wa mita 1 hadi udongo uonekane, kisha panda mkinduri masika yanapoanza. Visiki vitachipua, vunja machipukizi kila mwezi. Katika msitu wa Karura, Nairobi, pia, mikaratusi huondolewa kwa awamu na nafasi yake kupandwa miti ya kienyeji.

SWALI: Nilichimbia majani ya mgrivilea kwenye tuta la sukuma wiki, sukuma ikageuka manjano. Nitajuaje majani yanayofaa?
Msomaji, Ruai

JIBU: Majani yakiwa na nitrojeni chini ya asilimia 2.5, vijidudu vinavyoyaozesha hujazia upungufu kutoka kwenye udongo, na sukuma hubaki na njaa. Ya mgrivilea yatandaze juu ya tuta, au yapitishe kwanza kwenye lundo la mboji. Alizeti pori, yaani tithonia, ina asilimia 3.5 hivi, hiyo ichimbie ikiwa mbichi.

Kwa majani usiyoyajua, chuma 10 yaliyokomaa, ya upande wa jua, yasiyotobolewa na wadudu. Yachore papo hapo kwenye karatasi ya miraba na uhesabu sentimita za mraba. Kausha kwenye oveni kwa nyuzi 70, saa 48, pima kwa mizani inayosoma sehemu za gramu, kisha gawanya eneo kwa uzito. Zaidi ya sentimita 200 za mraba kwa gramu, kwa kawaida jani ni jembamba, la kuoza haraka, hilo ni la kuchimbia. Chini ya 100, ni la kutandaza. Katikati hapo, peleka kwenye mboji tu.

Wengi hukosea kwa kuchora majani yaliyokwisha kunyauka, ambayo eneo lake limepungua, au kwa kuchanganya ya juani na ya kivulini. Ya kivulini huwa membamba zaidi, na mti mmoja utakupa majibu mawili.