Mdogo Wangu, Usinunue Mashine Kwanza

Juma lililopita binti mmoja wa Morogoro aliniandikia, na kwa kuwa maswali kama yake yananijia kila mara, nimemwomba ruhusa nimjibu hapa mbele za watu. Ujumbe wake ni huu: “Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Mama ameuza mpunga kanipa mtaji. Nataka kufungua spa ya ngozi kama wewe. Kariakoo nimeona mashine ya kusafishia uso inayofanya kazi kumi, na nyingine ndogo. Nichukue ipi?”

Marahaba mdogo wangu. Usichukue hata moja. Hela ya mpunga iache kwanza benki, halafu kaa unisome mpaka mwisho.

Najua kilichokuvuta, maana ndicho kilichonivuta mimi. Sote tunaoingia kwenye kazi hii tunataka kitu kilekile: chumba chetu kinachonukia vizuri, wateja wanaopanga zamu kwa simu, na mtu aliyeingia ameinamisha uso atoke ameuinua. Inawezekana. Mimi nimepata vyote hivyo, na sikuletewa na mashine.

Nimekulia Ngamiani, Tanga, kwa shangazi yangu ambaye alikuwa somo, yaani kungwi wa maharusi. Maharusi wa mtaa mzima wamepita mikononi mwake. Harusi ikikaribia, bibi harusi anawekwa ndani, na sisi watoto tunapewa kinu: mawaridi makavu, karafuu, maua ya mlangilangi. Liwa inasagwa juu ya jiwe kwa marashi mpaka iwe laini kama uji wa mtoto. Singo ya shangazi, huo mchanganyiko wa kusugulia mwili, ilikuwa na sifa mpaka Pangani. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mkono wake. Kabla hajampaka mtu, alimgusa shavu kwa mgongo wa vidole, akashuka kidevuni, akamgeuzia dirishani apate mwanga. Kisha alimpaka kidogo nyuma ya sikio, akamwambia alale nayo. Asubuhi pakiwa pamewasha, huyo anatwangiwa singo yake peke yake isiyo na karafuu. Miaka baadaye nimekaa darasani, mwalimu anatufundisha kujaribu dawa kwenye eneo dogo na kusubiri saa 24 hadi 48, nikajisemea moyoni kwamba mimi somo hili nilishalisoma Ngamiani.

Nilipotangaza nyumbani kwamba nataka kusomea kazi ya ngozi, baba mdogo alisema mbele ya wageni: “Tumekusomesha ili ukasugue nyuso za watu?” Watu wakacheka. Yule mzee namheshimu, na kila Ramadhani nampelekea sukari na tende, ila maneno yale hayajanitoka. Kila ninapotundika cheti kipya ukutani ninamkumbuka. Mwaka jana alinipigia mwenyewe, binti yake wa mwisho kajaa chunusi na hataki kwenda shule. Nikamhudumia bila kumdai senti. Basi na wewe, kama kwenu wanaichukulia kazi hii ni uhuni wa vyumba vya masaji, usibishane nao. Fanya kazi, wataona.

Ya chuo sitayarefusha. Ilikuwa nauli, mkopo wa rafiki na kulala njaa, kama kwa kila mtu. Nitakuambia tu nilichotoka nacho, kwa sababu ndicho kinachonilisha hadi leo. Seli mpya za ngozi huzaliwa chini ya tabaka la juu, zikapanda polepole mpaka zikafika juu na kupukutika. Kwa kijana safari hiyo huchukua takriban wiki nne, kwa mtu mzima zaidi. Kwa hiyo anayemwahidi mteja ngozi mpya kwa siku tatu anamchuna. Hapo ndipo wengi mnapokosea bei na ahadi: mnaahidi Ijumaa kitu ambacho mwili wenyewe hauwezi kukitoa kabla ya mwezi.

La pili, na hili nalisema kwa uchungu. Vitabu vingi tulivyosomea vilikuwa na picha za nyuso za Wazungu. Mwaka 1975 daktari wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, alizipanga ngozi kwa aina, kufuatana na jinsi zinavyoungua na kubadilika juani. Alianza na ngozi nyeupe. Aina ya tano na ya sita, ambazo ndizo sisi wengi, ziliongezwa baadaye. Vitabu vinasema ukiona wekundu, acha, dawa inaunguza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Panageuka zambarau au panazidi weusi, au hapaonekani kitu kabisa ila mteja anasema panachoma. Ukisubiri wekundu utakuwa umeshamuunguza mtu. Na ngozi yetu ikiumizwa, iwe kwa kukamua chunusi kwa nguvu, kwa asidi ya kuchubulia au kwa leza, hujibu kwa kumwaga melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, na doa linakaa miezi. Kipele cha siku tano kinaacha doa la nusu mwaka. Sasa hiyo mashine yako ya kazi kumi, imetengenezewa ngozi ya nani? Aliyekuuzia anajua? Jifunze ngozi, mdogo wangu. Jifunze ngozi nyeusi.

Nilipomaliza chuo nikapata kazi kwenye saluni kubwa hapa Dar, jina nitaliacha. Kwa mbele kulikuwa na vioo, viyoyozi na maua. Nyuma ya pazia kulikuwa na ndoo. Humo zinamiminwa losheni za kopo kubwa, zinakamuliwa tyubu za klobetasoli, dawa ambayo hospitali humwandikia mgonjwa wa ukurutu sugu kwa muda mfupi, kisha unaongezwa unga mweupe ambao hakuna kati yetu aliyejua umetoka wapi. Vinakorogwa kwa mwiko wa ugali na kupakiwa kwenye vikopo visivyo na jina. Kikopo kimoja kilikuwa na bei kubwa kuliko kazi yangu ya siku nzima. Mama mwenye saluni aliniambia nishike mwiko. Nikakataa. Akasema: “Mjini hapa ngozi nyeusi hailipi. Utakufa njaa na cheti chako.” Wateja wangu wakagawiwa wenzangu, na mshahara wa mwezi wa mwisho sijalipwa hadi leo. Sijausahau. Ninapoandika hapa mkono unanitetemeka.

Na yule mama alijua anachokifanya. Haidrokwinoni, mojawapo ya dawa zinazotiwa kwenye krimu za kung'arisha, ikipakwa miaka inaweza kuleta baka jeusi la kibluu mashavuni, baka ambalo kulitoa ni kazi ngumu mno. Steroidi, kama ile klobetasoli, inakondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, inaleta michirizi na vipele. Zebaki, ambayo nayo hutiwa humo, inaingia mwilini na kuharibu figo, na mtoto anayelala kifuani kwa mama yake anaipata pia. Vitu hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Ila Kariakoo ni Kariakoo. Ukishika kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, weka chini. Ukisoma “calomel” au “mercurous chloride”, hiyo ni zebaki. Na likikuonya usilipake karibu na dhahabu au fedha, vua hereni zako ukimbie, maana zebaki ndiyo inayokula vito.

Baada ya hapo nikaanza kivyangu kwenye chumba cha uani, Mwananyamala. Kitanda, taa yenye lenzi, taulo nyeupe, glavu. Nani walikuwa wateja wangu wa kwanza? Wanaume! Hakuna anayekuambia hili. Nywele zetu zimejikunja. Ukizinyoa kwa wembe zikawa fupi mno na kali, zinapinda na kurudi ndani ya ngozi, kidevu na kisogo vinajaa vipele. Nilikwenda kwa vinyozi wa mtaani mmoja mmoja. Nikawaambia mteja mwenye vipele asipigwe wembe wala asinyolewe kinyume cha nywele, apunguzwe kwa mashine ziachwe fupi kiasi, kisha wanipe mimi nimsafishe. Kinyozi anabaki na mteja wake, mimi napata wangu. Madereva wa bodaboda, makonda, walinzi. Hao ndio walionilipia kodi wakati akina dada bado wananiuliza kama nina krimu ya kung'arisha.

Kisha akaja mama mmoja wa makamo, kajifunga mtandio mpaka puani. Nilipomwomba autoe alilia kwanza. Mashavu yalikuwa na lile baka la kibluu, pua na paji vyeupe, shingo nyekundu, na viungo vya vidole vyeusi ti. Nikamwambia kesho aniletee kila anachopaka. Akaja na mfuko wa rambo: vikopo vitatu visivyo na maandishi na tyubu mbili za steroidi zilizobanwa mpaka mwisho. Kama ningekuwa na ile mashine yako ya kazi kumi ningemfanyia nini? Ngozi ile ilikuwa nyembamba kiasi kwamba skrabu moja tu ingeichana. Nilichofanya ni kumwandikia karatasi yenye majina ya vyote alivyopaka na muda aliotumia, nikamtuma kwa daktari wa ngozi, kwa sababu mtu aliyezoea steroidi akiiacha ghafla uso hulipuka, unavimba na kuwaka moto, na hilo ni la daktari. Aliporudi, chini ya maelekezo ya daktari, kazi yangu ilikuwa sabuni isiyo kali, mafuta yasiyo na manukato, losheni ya kukinga jua, na kumpokea simu usiku akitaka kurudia vikopo vyake. Ilichukua zaidi ya mwaka. Baka halijaisha, ila amevua mtandio. Ananitumia wateja kuliko tangazo lolote. Na yule daktari akanitafuta kuuliza ni nani aliandika ile karatasi. Leo wagonjwa wake wakimaliza dawa anawaleta kwangu. Baba mdogo na asikie.

Kwa hiyo narudia: jifunze ngozi. Na ujue mpaka wako. Kidonda kisichopona, alama inayobadilika umbo au kutoa damu, usiguse, mpeleke hospitali. Baka lililofifia ambalo ukiligusa kwa pamba mteja hahisi, mpeleke siku hiyohiyo. Huenda ni ukoma, na ukoma unatibika, dawa ni bure. Mteja mwenye ualbino akija, usimuuzie mafuta ya kunukia. Muulize kama anapaka kinga ya jua, na mwambie kuhusu Kilisun, losheni ya kukinga jua iliyoanzia hospitali ya KCMC Moshi, palepale kwenye kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi. Sindano ya kutobolea chunusi ni ya mtu mmoja, kisha inatupwa. Nenda ukachanjwe homa ya ini B kabla hujagusa damu ya mtu. Mwenye haraka ya kufungua spa huyaruka yote haya, na Mungu anamwona.

Sasa kuhusu wapi. Vyuo vya ufundi vya VETA vina mafunzo ya urembo, na kama ulishajifunza kwa mikono saluni, VETA inao mpango wa kurasimisha ujuzi: unapimwa, mapengo ya ujuzi wako yakishajazwa unapewa cheti. Wasomaji wangu wa Kenya, mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka yenu ya mafunzo ya viwandani, inaanzia daraja la tatu kwenda la kwanza. Diploma ya urembo ya CIDESCO ni ya kimataifa, inafungua milango ya hoteli kubwa, meli za kitalii na spa za Ghuba, ila gharama yake ni kubwa, iache mpaka uwe umeshaingiza hela. Mkiamua kufungua, TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara kwanza, na afisa afya mkaribisheni wenyewe kabla hajaja na faini.

Turudi kwenye hela ya mpunga. Kabla hujalipa ada, nenda chuoni ukiwa na mama, siku ya masomo, mkaulize mambo machache. Cheti kinatolewa na nani, chuo chenyewe au mamlaka ya serikali? Wanafunzi wanafanyia mazoezi nyuso za watu au wanatazama video? Mwalimu amewahi kuhudumia wateja? Kisha omba uone chumba cha mazoezi, uangalie vifaa vinachemshiwa wapi, na ufungue makabati. Ukikuta vikopo visivyo na jina, mshike mama mkono mwondoke. Pakiwa safi, lipa ada ya muhula mmoja tu. Inayobaki nunua taa nzuri yenye lenzi, glavu, taulo nyeupe na daftari la kuandikia kila uso utakaougusa. Ile mashine ya kazi kumi, niulize tena ukishamaliza mwaka.