Vijiti vya mwalimu na sikio lako

Mdogo wangu wa Moshi, umeuliza kama uache kupiga drams kwa kusikiliza, kama ulivyozoea kanisani, kwa kuwa mwalimu anataka mazoezi ya mikono na metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi moja. Usiache! Sikio hilo ndilo linaloinua kwaya.

Ila kwenye kushika vijiti, mtii mwalimu kabisa. Ukivibana, vifundo vya mikono vitauma na kasi haitakuja. Viache vidunde vyenyewe. Piga kulia-kulia, kushoto-kushoto, mapigo 60 kwa dakika, juu ya kipande cha mpira wa tairi kilichobandikwa ubaoni (mto wa kulalia haudundishi vijiti, na majirani wa mtaa wako wa Majengo watakushukuru). Kusoma nota kunaweza kusubiri: Buddy Rich, mpiga drams maarufu wa Marekani, hakusoma. Kisha, siku hiyohiyo, piga wimbo mmoja unaoupenda bila metronomu.