Msifu Mwandishi Mwenzako kwa Kuitaja Kazi Yake

Juma lililopita kijana mmoja wa Nguruka, anayeandika jarida la barua pepe kuhusu maisha ya vijiji vilivyo kandokando ya reli, aliniletea ujumbe huu: "Shikamoo dada. Ninaandika kila wiki bila kukosa, lakini hakuna mwandishi hata mmoja anayewaambia wasomaji wake kwamba nipo. Nifanye nini ili nami nipendekezwe?" Nilimwitikia marahaba, kisha nikamuuliza: wewe umempendekeza nani? Akasema hajawahi kumpendekeza mtu, kwa kuwa bado ni mchanga katika kazi hii na neno lake halina uzito. Jibu hilo nimelisikia kwa waandishi wengi wa mkoa wetu wa Kigoma na wa Tabora, na ninaamini kwamba ndilo linalotuchelewesha. Kwa hiyo ninamjibu yeye hapa, na wengine wote walio katika hali yake wasikie.

Mimi huandika kutoka Ujiji. Jarida langu hutoka kila Ijumaa, nalo ni la biashara ya ziwa: bei ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hali ya mawese, nauli ya mizigo, na habari za wanawake wanaonunua samaki alfajiri wakaanika mpaka jua la alasiri. Wasomaji wangu ni wafanyabiashara wa hapa na wa Dar es Salaam, pamoja na watu wa Kigoma waliotawanyika ambao wanataka tu kusikia habari za nyumbani. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, nilibaki sina bei ya kuandika. Chanja za kuanikia zilikuwa tupu, na akina mama waliozoea kunipigia simu kabla ya saa moja asubuhi walikuwa wanatafuta biashara nyingine. Watu walinishauri nisimamishe jarida mpaka ziwa lifunguliwe. Niliamua kwamba katika miezi hiyo nitawajulisha wasomaji wangu kwa waandishi wengine wa magharibi ya nchi, mmoja kila wiki, na kwamba nitaandika habari za kila mmoja kwa uangalifu uleule ninaoutumia kuandika bei.

Wa kwanza alikuwa mfugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora, ambaye wakati huo alikuwa na wasomaji wachache mno na hakuwa akinifahamu. Niliandika hivi: "Toleo lake la mwezi uliopita linaeleza jinsi mzinga wa gome unavyotengenezwa. Gome la myombo huchunwa likiwa zima kuuzunguka mti, likashonwa, likapachikwa juu ya mti mwingine. Mti uliochunwa hukauka. Mwandishi amekaa na mzee anayejua vizuri kwamba kila mzinga mpya unaua mti mmoja, na ambaye bado anachuna, kwa sababu mzinga wa sanduku unataka fedha ambazo hana. Nimekula asali ya Tabora tangu utotoni bila kujua kwamba kuna mti uliokufa ili ipatikane. Soma toleo hilo kabla hujanunua chupa nyingine." Hayo ndiyo yote niliyoyaandika, na chini yake nikaweka kiungo.

Wiki ile nilipokea majibu mengi kuliko wiki yoyote ya bei. Mama mmoja anayeuza asali katika soko la Mwanga alimwandikia mfugaji yule moja kwa moja, na mpaka leo hununua kwake. Wasomaji wa Dar es Salaam walitaka kujua bei ya mzinga wa sanduku ili wamchangie yule mzee. Naye mfugaji, bila mimi kumwomba, aliwaandikia wasomaji wake kuhusu ziwa letu na kwa nini limepumzishwa, akanukuu sentensi yangu moja na kuitaja kazi yangu kwa heshima ambayo sikuwa nimeipata kwa mtu yeyote kabla yake. Ziwa lilipofunguliwa nilikuwa na wasomaji wengi kuliko nilivyokuwa nao lilipofungwa. Ninajivunia jambo hilo waziwazi, kwa kuwa wasomaji hao walipatikana katika miezi ambayo sikuwa na bei hata moja ya kuwapa.

Mjomba wangu, ambaye ndiye msomaji wangu mkali kuliko wote, hakupendezwa. Alinikumbusha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba mwandishi mzuri hahitaji kupigiwa debe. Ninamheshimu sana, lakini methali hiyo ni ya soko ambalo mnunuzi hupita mbele ya bidhaa akaiona. Jarida la barua pepe halipangwi mezani. Huingia katika sanduku la barua la mtu aliyekwisha kujiandikisha, na yule ambaye hajajiandikisha hana njia ya kulikuta kwa bahati. Liwe jema namna gani, halijiuzi, kwa sababu halionekani. Njia ya uhakika ya kumfikia msomaji mpya ni mtu ambaye msomaji huyo anamwamini kumwambia: nimesoma hiki, nawe kisome.

Akanitolea nyingine, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hiyo ina ukweli ambao nimeushuhudia. Wapo waandishi waliosifiwa kwa maneno ya jumla, kwamba wao ni moto, ni vipaji vya hali ya juu, ni fahari ya mkoa, na baada ya miezi michache wakaanza kuandika ovyo kwa kuwa hawakujua ni kitu gani hasa watu walikipenda. Lakini mgema aliyeambiwa kwamba tembo la Jumatano lilikuwa kali kuliko la Jumatatu hana pa kuliingizia maji, maana amekwisha kujua kwamba mnywaji anaijua ladha. Sifa inayotaja toleo, ikataja aya, ikataja jambo lililombadilisha msomaji, humlinda anayesifiwa. Nilimweleza mjomba hivyo, naye hakusema kitu, lakini siku hizi hunitumia majina ya waandishi anaodhani wanafaa kutajwa.

Sasa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Yupo mwandishi mwenye wasomaji wengi, anayeishi Dar es Salaam, ambaye nilimsifu katika jarida langu zaidi ya mara moja, kwa kuwa anaandika vizuri sana kuhusu masoko ya vyakula. Kila mara alinitumia ujumbe wa shukrani. Siku moja katika mazungumzo yaliyorushwa mtandaoni aliulizwa kama kuna waandishi wa kufuatiliwa huku magharibi, naye akajibu kwamba bado hajamwona. Nilikuwa nasikiliza. Wanachama wenzangu wa kundi letu la waandishi walikuwa wanasikiliza pia, na baadhi yao walinitumia pole, jambo lililozidisha maumivu. Nilishauriwa nimwondoe katika orodha yangu. Sikumwondoa. Mwezi uliofuata alitoa makala kuhusu madalali wa ndizi ambayo ilikuwa kazi ya hali ya juu, nami niliwaambia wasomaji wangu hivyo, kwa sababu wao hawakunikosea na walistahili kuisoma. Tangu hapo hajaniandikia tena, na sitasema kwamba nimesahau. Ninachosema ni kwamba anayependekeza wenzake huku akihesabu wangapi wamemrudishia atachoka mapema sana, na wasomaji wake watauona uchovu huo katika maandishi yake.

Nami ninawaambia vijana wetu: acheni kusubiri kuwa wakubwa ndipo muwainue wengine. Kijana wa Nguruka anasema neno lake halina uzito, lakini wasomaji wachache alionao wanamsoma kwa sababu wanamwamini, na imani hiyo ndiyo uzito wenyewe. Sisi wa Ujiji tuna sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, alizaliwa hapa mwaka 1924, na Saadani Kandoro naye ni mzaliwa wa hapa hapa. Wote wawili walikuwa washairi, na walikulia katika zama ambazo gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya watu waliojibizana kutoka miji mbalimbali bila kuonana. Mshairi aliyejibiwa alijulikana kwa kule kujibiwa. Jina lake lilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga, likibebwa na beti za mwenzake. Shaaban Robert, ambaye angeweza kutosheka na sifa zake mwenyewe, aliketi akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mwandishi mkubwa alitoa wino wake kwa ajili ya msanii mwingine, na hakupungukiwa na kitu. Sisi tunaoshindwa kutoa aya moja kwa ajili ya jirani tunajiona kina nani?

Kuhusu namna ya kufanya, sina mengi. Soma kwanza, usome matoleo kadhaa na si moja, maana mtu yeyote anaweza kubahatisha wiki moja. Chagua kazi moja utakayoitaja kwa kichwa chake, useme imekufundisha nini au imekuudhi kwa nini. Mtaje mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Orodha ndefu ya majina haisomwi na mtu, wala haimheshimu yeyote aliyemo. Usiinakili kazi yake yote ukaiweka kwako hata kama nia yako ni njema. Nukuu kidogo, kisha mpeleke msomaji kwa mwenyewe.

Substack, huduma ya mtandaoni ya kutolea majarida ya barua pepe ambayo baadhi yetu tunaitumia, tangu mwaka 2022 ina utaratibu unaomruhusu mwandishi kuchagua majarida anayoyapendekeza, na mtu anapojiandikisha kwake huonyeshwa majarida hayo papo hapo. Utaratibu huo ni mzuri, nami ninautumia, lakini usiutegemee peke yake. Msomaji aliyebofya kwa haraka bila kuambiwa kwa nini hajui amekuja kufuata nini, na mara nyingi hafungui barua zinazofuata. Huduma za barua pepe nazo huangalia kama barua za mtumaji zinafunguliwa. Zikikaa bila kuguswa, huweza kuanza kuzipeleka kwenye barua taka, mpaka na zile za wasomaji wanaokupenda kwa dhati. Aya moja iliyoandikwa kwa moyo humleta msomaji ambaye amekwisha kujua anachokuja kusoma, na huyo hufungua.

Jambo lingine ambalo ninalisisitiza kwa nguvu ni anwani za wasomaji. Katika kundi letu aliwahi kutokea mtu aliyependekeza kwamba tubadilishane orodha, kila mmoja ampe mwenzake anwani zote alizonazo ili sote tukue kwa mara moja, na wengine waliona ni ushirikiano mwema. Nilipinga, na nitaendelea kupinga. Msomaji alinipa anwani yake mimi, kwa ajili ya jarida langu, na kumkabidhi mwingine bila ridhaa yake ni kuvunja amana. Ni suala la kisheria pia, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwandishi wa jarida dogo asijidhanie kwamba haimhusu. Mwenzako msifu kadiri uwezavyo, kisha mwache msomaji aende mwenyewe kwa miguu yake.

Na ukilipwa, sema umelipwa. Mfanyabiashara mmoja alinilipa nilitangaze jarida la kampuni yake. Nilipokea, nikaandika juu kabisa kwamba ni tangazo lililolipiwa, na sikuliweka katika sehemu ya waandishi wenzangu. Alinung'unika kwamba fedha yake ilistahili nafasi ile. Nilimwambia kwamba nafasi ile haina bei.

Ijumaa ijayo nafasi hiyo ni ya binti wa Uvinza anayeandika kuhusu chumvi. Katika toleo lake la karibuni ameeleza jinsi wazee walivyokuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa vyungu, kuni zilikotoka, na nani aliruhusiwa kuchota. Nimelisoma mara mbili, na sehemu ya kuni nimemsomea mjomba kwa sauti. Asiyeweza kusubiri mpaka Ijumaa aniandikie, nitamtumia kiungo chake leo.