Usimwambie karani "imehifadhiwa" kabla haijahifadhiwa

Vijana wanaokuja kwetu hapa Kigoma kujifunza kazi ya kutengeneza tovuti huwa na haraka sana na tosti, kile kiboksi kinachochomoza pembeni mwa skrini, kikasema neno, kisha kikapotea. Kukitengeneza si kazi kubwa. Ni div moja (kisanduku cha HTML) yenye position fixed ili isisogee na ukurasa, CSS kidogo, yaani lugha ya mwonekano, ya kuiingiza na kuitoa, na setTimeout, saa ya JavaScript, ya kuifuta. Maktaba za bure za kukufanyia hayo yote zimejaa mtandaoni, chukua yoyote. Mimi nataka tuongee itoke lini na iseme nini.

Chukua mfumo wa kupokea dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Karani ana simu mkononi, mzani uko mbele yake, wauzaji wamemzunguka, jua linawaka, mtandao unakuja na kuondoka. Anaandika jina, kilo na bei, anabonyeza Hifadhi. Swali lake ni moja tu: imeingia? Tosti ikimjibu vibaya ataandika mara mbili, au ataondoka akidhani kazi imekwisha kumbe hakuna kilichoingia. Jioni mfumo na daftari vikigombana, daftari ndilo linaloshinda, na kesho yake hakuna atakayefungua mfumo wako.

Wanaoanza wengi huitoa tosti ya mafanikio pale kitufe kinapobonyezwa. Kubonyeza hakujahifadhi kitu. Tosti ingoje jibu la seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea na kutunza data. Kabla ya hapo kitufe kiandikwe "Inatuma…" na kizimwe, asije akakibonyeza mara tatu kwa wasiwasi.

Hata aliyeingoja seva anaweza kunaswa na fetch, amri ya JavaScript inayotuma ombi kwa seva na kungoja jibu. Kwa fetch, seva ikijibu chochote, kazi imeisha salama. Seva ikirudisha namba ya kosa, 500 kwa sababu imeanguka, au 422 kwa sababu imekataa data zako, msimbo wako unaingia kwenye then, sehemu inayoendeshwa jibu likishafika, kama kawaida na tosti ya kijani inatoka. Fetch hulalamika pale tu mtandao wenyewe uliposhindikana, au ombi lilipokatizwa. Kwa hiyo kagua response.ok kwanza (huwa true pale tu seva iliporudisha namba ya mafanikio), ndipo useme lolote. Na usitegemee navigator.onLine, taarifa ya kivinjari kuhusu muunganisho, kukuambia kama mtandao upo: ikisema true, maana yake kifaa kimeungwa na mtandao fulani tu, hata kama bando limekwisha.

Kuna hali ya tatu ambayo mafunzo mengi ya mtandaoni huiruka, nayo ndiyo ya kila siku huku kwetu: jibu halikurudi. Ukiweka AbortSignal.timeout, kikomo cha kungoja, ya sekunde 15, muda ukaisha, wewe hujui kilichotokea. Pengine ombi halikufika. Pengine lilifika, dagaa wakaingia kwenye hifadhidata, na jibu ndilo lililopotelea njiani. Ukiandika "Imeshindikana", karani atatuma upya na gunia moja litahesabiwa mara mbili. Andika ukweli: "Hatujapata jibu kutoka kwenye seva. Bonyeza Tuma tena, haitajirudia." Ili ahadi hiyo ya mwisho iwe ya kweli, fomu inapofunguliwa itengenezee kitambulisho cha nasibu kwa crypto.randomUUID, ukitume pamoja na data, na kwenye hifadhidata safu yake iwe ya kipekee, yaani isikubali kitambulisho kilekile mara mbili. Ombi likija na kitambulisho kilichokwisha kuingia, seva irudishe jibu lilelile la mafanikio bila kuongeza mstari mpya. Unaona, tosti yenye sentensi mbili imekulazimisha kubadilisha jedwali. Ndiyo maana siamini mtu anayesema arifa ni kazi ya mpamba kurasa peke yake.

Maneno nayo. "Imefanikiwa!" haimwambii mtu kitu. "Dagaa kilo 40 za Mama Asha zimepokelewa" inampa karani nafasi ya kushtuka kama alitaka kuandika 14. "Hitilafu imetokea" iondoe kabisa kwenye mfumo wako. Sema kilichokwama na cha kufanya. Kama tatizo ni kisanduku kimoja, mfano kilo zimeachwa wazi, ujumbe ukae chini ya kisanduku hicho hicho, tosti isihusike.

Ukichanganya jina la mtu kwenye ujumbe namna hii, lipitishe kwenye textContent, inayoliweka kama maandishi tu, usilipitishe kwenye innerHTML, inayolisoma kama HTML. Mtu akijisajili kwa jina lenye lebo za HTML, innerHTML itampa nafasi ya kuendesha msimbo wake kwenye simu ya karani.

Muda: tosti ya mafanikio ikae sekunde tano hivi, kwa sababu macho ya karani yako kwenye mzani. Ya kosa ikae mpaka aifunge mwenyewe. Usiiweke mahali inapofunika kitufe cha Hifadhi. Rangi peke yake haitoshi, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Weka neno au alama. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na ukitoka nje na simu saa saba mchana pale ufukweni utaelewa kwamba hata huo ni mdogo. Kwa wanaotumia kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona, weka kwenye ukurasa chombo chenye role ya status, alama inayoiambia isome ujumbe unaoingia humo, tangu mwanzo, kikiwa kitupu, kisha ujumbe uingie ndani yake. Ukikiumba pamoja na ujumbe wake, mara nyingi hakisomwi.

Alert ya zamani ya JavaScript iacheni. Inasimamisha ukurasa mzima mpaka mtu abonyeze Sawa, na watu huzoea kubonyeza Sawa bila kusoma. Ukihitaji kweli kumzuia mtu, kwa mfano kabla ya kufuta mapokezi ya siku nzima, tumia elementi ya dialog na showModal. Vivinjari vikubwa vyote vinaielewa tangu 2022.

Jaribuni kabla ya kukabidhi. Kwenye zana za kivinjari kuna sehemu ya Network: punguza kasi, kisha zima kabisa katikati ya kutuma, kisha ifanye seva irudishe 500. Soma tosti iliyotoka kila mara.

Arifa za kivinjari, zile zinazokuja hata ukurasa ukiwa umefungwa, ni jambo jingine. Zinahitaji HTTPS (muunganisho uliosimbwa), service worker (msimbo unaoendeshwa nyuma ya ukurasa) na ruhusa ya mtumiaji. Usiombe ruhusa ukurasa unapofunguka tu. Tangu toleo la 72 la Januari 2020, Firefox huficha ombi lisilotokana na mtu kubonyeza kitu, na mtu akishakataa, kumrudisha ni mpaka aingie mwenyewe kwenye mipangilio. Kwenye iPhone zilianza na iOS 16.4 mwaka 2023, tena kwa tovuti iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo tu. Mteja akiniambia anataka wanunuzi wa Ujiji wapate bei ya asubuhi, namuuliza wangapi kati yao wana kitochi. Wakiwa wengi, nampangia bajeti ya SMS.