Pac-12 ilivyobaki na vyuo viwili

Kaka, umeuliza Pac-12, ligi ya michezo ya vyuo vikuu ya Marekani, ilifikaje kubaki na vyuo viwili. Ilianzia Portland mwaka 1915 na vyuo vinne: California, Washington, Oregon na kile cha kilimo, leo Oregon State. Ikavunjika 1959, ikaundwa upya, ikafikisha 12 mwaka 2011 walipoingia Utah na Colorado. Mwaka 2024 kumi viliondoka, sababu kubwa pesa za televisheni. Stanford, chuo cha pwani ya Pasifiki, eti sasa kiko ligi ya Atlantiki! Zikabaki Oregon State na Washington State. Hii ya pili ndiyo inayoniuma: Henry Rono wetu, mkimbiaji wa Kenya, alisoma pale alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, ya mita 5,000 akiivunjia Berkeley, nyumbani kwa wapinzani wao California.