Maswali ya Wasomaji: Shawa haitoi maji ya moto, ukuta uvunjwe?

SWALI: Hamjambo. Naishi Lang'ata, nyumba yenye sola juu ya paa. Bafuni kuna valvu ya themostati iliyofukiwa ukutani, ile inayochanganya maji yenyewe. Tangu mgao wa maji uliopita, hata nikizungusha hadi mwisho wa moto napata vuguvugu tu. Jikoni maji yanaunguza. Fundi anasema valvu nzima ing'olewe na ukuta uvunjwe. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado. Jikoni kukiwa na maji ya moto, sola haina kosa. Na sehemu karibu zote zinazoharibika kwenye valvu hiyo hutolewa kwa mbele, vigae vikibaki salama.

Anza na nguvu ya maji. Je, hupungua ukizungusha kuelekea moto na kurejea ukirudi baridi? Basi upande wa moto umeziba. Maji yakirudi baada ya mgao hukokota mchanga na kutu, na uchafu huo hunaswa na vichujio vya waya kwenye viingilio vya valvu. Lakini kama maji yana nguvu ileile na bado ni vuguvugu, katriji, yaani kipande cha ndani kinachochanganya maji, ndiyo ya kushuku. Ndani yake mna nta inayotanuka kwa joto na kusukuma kizibo. Nta ikichoka, katriji hairekebishiki.

Funga koki za moto na baridi, kisha fungua shawa maji yaishe. Ziba tundu la sakafu kwa kitambaa, kwani skrubu ya mpini ni ndogo sana. Piga picha ya ringi ya kikomo, ile inayozuia mpini kupita nyuzi 38, kabla ya kuigusa. Wengi huirudisha kombo, kisha wanailaumu katriji mpya. Fungua nati ya shaba kwa spana, vuta katriji ikiwa imenyooka. Vichujio vya chuma vilowekwe kwenye siki nyeupe kwa saa moja, visuguliwe kwa mswaki.

Ukinunua katriji, nenda na ile ya zamani mkononi: urefu na meno ya mhimili (kijiti kinachoshika mpini) lazima vilingane. Kabla ya kuifunga, fungulia kila koki kidogo, maji yasukume taka nje. Jikinge, maji ya sola huunguza kwa sekunde chache. Ringi za mpira zipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya petroli huzivimbisha.

Mwishowe, pima kwa kipimajoto, zungusha mhimili hadi nyuzi 38, ndipo urudishe mpini alama zikikutana. Kisha funga koki ya baridi shawa ikiwa wazi: maji yanapaswa kukatika karibu kabisa kwa sekunde chache. Yakiendelea kutoka ya moto, asioge mtoto hapo.

Vuguvugu likibaki, uliza kama baridi inasukumwa na pampu huku moto ukishuka wenyewe kutoka paani. Tangi lililo mita 3 juu hutoa presha ya baa 0.3 tu; pampu hutoa 2 na zaidi. Hapo hata valvu mpya itashindwa. Weka kipunguza presha kwenye baridi, au pampu isukume pande zote mbili.

SWALI: Shawa yangu inadondosha maji hata ikifungwa. Nibadilishe themostati? (Msomaji, South B)

JIBU: Hapana. Kinachofunga maji ni katriji nyingine, ya mpini wa kufungulia. Badilisha hiyo.