Mashine ya espresso ya nyumbani: fedha ziende wapi kwanza?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi na mume wangu tunaishi Mbezi, Dar es Salaam, na tumechoka kununua kahawa mgahawani kila siku. Tunataka mashine ya espresso ya nyumbani. Mimi hunywa espresso tupu asubuhi, yeye anapenda cappuccino. Dukani nimeonyeshwa mashine mbili, moja imeandikwa bar 15 na nyingine bar 20, na muuzaji anasema ya bar 20 ndiyo bora. Dada yangu yuko Marekani na anakuja likizo Desemba. Je, aninunulie huko? Umeme wetu hushuka, hasa jioni, na maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Kahawa tunayo: shemeji hutuletea ya Moshi, imekaangwa lakini haijasagwa.

JIBU: Salama kabisa, dada. Umefanya vizuri kutaja umeme na maji, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyoua mashine nyingi ninazoletewa kutengeneza, na dukani hakuna anayekuuliza habari zake. Nitavifikia. Ila nianze na kitu ambacho hukukitaja: grainda, yaani mashine ya kusagia kahawa. Una kahawa nzima ya Moshi, na hiyo ni neema, lakini bila grainda inayofaa haitakuwa espresso hata ukinunua mashine ya hotelini.

Espresso hupatikana kwa kusukuma maji ya moto yapite katika unga ulioshindiliwa, kwa muda wa nusu dakika hivi. Kinachoyazuia maji yasipite mbio ni unga wenyewe. Ukiwa na chenga, maji hupita kwa sekunde chache na kikombe kinakuwa chepesi, chenye uchachu. Ukiwa laini kupita kiasi, kahawa hudondoka tone tone na unapata uchungu mtupu. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni ndogo mno, jicho haliioni, na ndiyo sababu grainda ya espresso lazima iweze kurekebishwa kwa hatua ndogo ndogo. Zile mashine za visu vinavyozunguka, ambazo wengi tunazo jikoni kwa kusagia viungo, hukatakata tu: zinatoa vumbi na chenga kwa pamoja, na hakuna mashine ya espresso inayoweza kuokoa unga wa namna hiyo. Unahitaji grainda yenye meno mawili ya chuma yanayosagana. Kama bajeti yako ni shilingi 100, tenga kati ya 35 na 50 kwa grainda. Najua inauma kusikia hivyo wakati macho yako yako kwenye mashine yenyewe, lakini grainda nzuri na mashine ya kawaida hutoa kikombe kizuri, na kinyume chake hakitoi.

Hapo ndipo dada yako anapoingia. Asikuletee mashine, akuletee grainda ya mkono.

Nieleze kwa nini. Umeme wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Ukiichomeka mashine ya huko moja kwa moja kwenye soketi yako, kipashio kitavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya kilichoundwa kubeba, na hapo umeiunguza. Utaambiwa ununue transfoma ya kushusha umeme. Kwa mashine ya wati 1,400 utahitaji transfoma kubwa na nzito, ya wati 2,000 au zaidi, na bado tatizo moja halitatibika: pampu ndogo za mashine hizi hupiga kwa kufuata mizunguko ya umeme, na transfoma haibadilishi mizunguko. Pampu ya 60 itapiga kwa 50, yaani chini ya ilivyokusudiwa. Isitoshe, kipashio kikifa hutapata cha volti 120 hapa kwa urahisi. Mashine iliyotoka Dubai, Uingereza au Ulaya bara haina shida hiyo, maana umeme wao unalingana na wetu.

Grainda ya mkono haina habari na volti. Inaingia kwenye begi, haina injini ya kuungua, na kwa fedha ileile meno yake huwa bora kuliko ya grainda ya umeme, kwa kuwa hulipii mota. Mwambie dada atafute iliyotengenezwa kwa ajili ya espresso waziwazi, kama 1Zpresso J-Ultra, au Timemore C3 ESP kama fedha ni ndogo. Kusaga gramu 18 kwa mkono ni kazi ya dakika moja au mbili. Kwa vikombe viwili vya asubuhi mkono hautalalamika sana. Mkiwa na wageni sita, utalalamika. Aongeze pia mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu.

Sasa hizo bar, ambazo ni kipimo cha nguvu ya kusukuma maji. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano aliandikisha hataza ya mashine iliyosukuma maji kwa mvuke tu, na nguvu ya mvuke haikuzidi sana bar moja na nusu. Kahawa ilitoka haraka, lakini haikuwa na ile krema, povu la dhahabu linalokaa juu. Krema ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, Achille Gaggia alipotumia mkono wa chuma na springi kusukuma maji kwa nguvu nyingi zaidi, na mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine yake ya E61 iliyotumia pampu ya umeme kwa bar 9 hivi. Tangu hapo mpaka leo, mashine za migahawani hukamulia kwenye bar 9 au jirani. Bar 15 au 20 iliyoandikwa kwenye boksi ni nguvu ya juu kabisa ambayo pampu inaweza kufika ikizibwa kabisa, pasipo maji kupita. Haikuambii kahawa yako itakamuliwa kwa nguvu gani. Ukikamua kwa bar 15 kweli, maji hupasua njia ndani ya unga, yakapita upande mmoja na kuacha mwingine. Mashine iliyotengenezwa kwa uangalifu ina vali inayopunguza nguvu hiyo hadi 9. Kwa hiyo usilipe hata shilingi moja zaidi kwa sababu ya bar 20. Muulize muuzaji kama ndani kuna vali hiyo. Asipojua, tafuta maelezo ya modeli kabla hujalipa.

Jambo la pili la kukagua ni kikapu cha chujio cha kuwekea unga, kinachokaa kwenye mpini unaofungwa chini ya mashine. Mashine nyingi za bei ya chini huja na kikapu chenye kuta mbili na tundu moja dogo chini. Tundu hilo hutengeneza povu linalofanana na krema hata kwa unga mbaya. Si dhambi, kimewekwa kwa ajili ya anayenunua kahawa iliyokwisha kusagwa. Lakini wewe mwenye kahawa nzima na grainda utataka kikapu cha kawaida chenye matundu mengi. Hakikisha kimo kwenye boksi au kinauzwa. Kipenyo cha milimita 58, kama cha mashine za migahawani, ni rahisi zaidi kupatia vifaa. 51 na 54 zinafanya kazi vizuri, ila vifaa vyake utavitafuta zaidi.

Kwa mazingira yako mimi naegemea mashine rahisi ya boila moja, yaani tangi moja la kupashia maji, na swichi za kubonyeza, ya aina ya Gaggia Classic au Rancilio Silvia. Miundo hiyo imekuwa sokoni tangu miaka ya 1990 bila kubadilika sana, mpini ni wa milimita 58, vipuri vinajulikana, na fundi yeyote anayejua pasi na birika la umeme anaweza kuielewa akiifungua. Ina vali ya umeme inayoachia mgandamizo ukimaliza kukamua, hivyo unga unatoka mkavu na unaweza kuisafisha kwa kusukuma maji kinyumenyume. Zipo mashine za kisasa zinazopata moto kwa sekunde chache, kama Bambino ya Breville, ambayo Uingereza huuzwa kwa jina la Sage. Kahawa yake ni nzuri na ningempendekezea mtu mwenye umeme uliotulia. Lakini ubongo wake ni bodi ya elektroniki, na bodi ikipigwa na umeme uliopanda ghafla, mara nyingi unaagiza bodi nzima.

Mashine za vidonge, zile zinazotumia kahawa iliyofungwa katika vikopo vidogo, siziungi mkono kwa nyumba inayoletewa kahawa ya Kilimanjaro. Utakuwa unanunua kahawa kutoka nje huku ya kwenu ikikaa kabatini.

Tuje kwenye umeme. Mashine ya wati 1,400 huvuta ampea 6 hivi. Kinga ya friji ya bei ndogo mara nyingi haikuundwa kwa mzigo huo, kwa hiyo nunua kinga iliyoandikwa ampea 13, na usitumie ekstensheni nyembamba. Kuhusu kushuka kwa umeme, hesabu yake ni kali kuliko watu wanavyodhani: ikishuka kutoka 230 hadi 180, kipashio hakipotezi moja ya tano ya nguvu, kinapoteza karibu asilimia 40. Boila inachelewa kupata moto, pampu inadhoofika, na kahawa inatoka na uchachu ilhali hujabadilisha kitu. Kamua asubuhi umeme ukiwa mzuri. Kwa upande wa LUKU usiogope: mashine haivuti wati zote muda wote, bali inapopasha tu. Dakika 10 kamili za kupasha ni chini ya robo ya uniti.

Na kama kwenu umeme hukatika zaidi ya unavyowaka, nakushauri uachane na pampu kabisa. Kuna vifaa vya kukamua kwa mkono kama Flair au Cafelat Robot: unachemsha maji kwenye gesi, unayamimina, unakandamiza mkono wa kifaa, na bar 9 unazifikia kwa nguvu zako. Hivi navyo dada anaweza kuvileta, kwa sababu havina waya. Espresso yake inashindana bila aibu na ya mashine kubwa. Upungufu ni mmoja: hakuna mvuke, na mume wako atatoa povu la maziwa kwa kifaa kingine.

Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi kwako. Maji ya kisima yenye chumvi yana madhara mawili tofauti. Chokaa huganda kwenye boila na mirija. Hiyo unaiona kwenye birika, ule ukoko mweupe, na inatoka kwa asidi ya sitriki. Chumvi yenyewe haigandi. Inakula chuma polepole, hata kile kinachoitwa hakishiki kutu, na hakuna dawa ya kurudisha chuma kilicholiwa. Majagi ya kuchuja maji hupunguza chokaa lakini chumvi huiacha. Kwa hiyo maji ya kisima yasiingie kwenye mashine hii hata siku moja ya dharura. Tumia maji ya chupa, na usome lebo: jumla ya madini yaliyoyeyuka iwe kati ya miligramu 50 na 150 kwa lita. Usitumie maji ya betri wala yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Maji yasiyo na madini hutoa kahawa iliyopooza, na baadhi ya mashine vihisio vyake havitambui kama tangi lina maji. Vikombe viwili kwa siku havitamaliza hata lita moja, pamoja na ya kusuuzia.

Kwa cappuccino kwenye boila moja, kamua kahawa kwanza, kisha washa swichi ya mvuke usubiri boila ipande kutoka nyuzi 93 hivi hadi zaidi ya 120. Fungua mvuke kidogo utoe maji ya mwanzoni, ndipo uchovye bomba kwenye maziwa baridi. Acha jagi likishakuwa la moto kiasi cha kiganja kushindwa kuvumilia, kama nyuzi 60 hadi 65. Futa bomba palepale, kisha pitisha maji mpaka boila ipoe kabla ya kikombe kingine, la sivyo utaunguza kahawa. Kwa watu wawili utaratibu huu unatosha. Boila mbili ni gharama ambayo nyumba yenu haiihitaji.

Siku ya kwanza anza na gramu 18 za unga, ukamue hadi kikombeni ziwe gramu 36, ukilenga sekunde 25 hadi 30 tangu pampu ianze. Ikitoka mapema, saga laini zaidi, ikichelewa, saga kwa chenga kidogo. Usiguse kitu kingine mpaka hapo pakae sawa. Mwombe shemeji aandike kwenye mfuko tarehe ya kukaangwa: kahawa ya jana ina gesi nyingi na hutoa povu lisilotulia, ya wiki ya kwanza hadi ya nne ndiyo tamu. Awaambie wanaoikaanga waikaange kiasi cha kati, kwa sababu iliyokaangwa kidogo ni ngumu kusaga kwa mkono. Ukitaka krema nene zaidi, changanya robusta kidogo ya Kagera, sehemu moja kwa nne za Moshi.

Ukishachagua modeli, niandikie jina lake kamili kabla dada hajapanda ndege. Gasketi, yaani mpira wa kuzuia maji kwenye kichwa cha mashine, hukauka na kuanza kuvuja baada ya muda, ukubwa wake hutofautiana kwa kila modeli, na mbili za akiba hazichukui nafasi yoyote kwenye begi lake.